Uboho na Upepo: Tabibu wa Kihindi Mbele ya Maradhi ya Mishipa ya Fahamu

Maiti ilichaguliwa kwa masharti. Isiwe ya mtu aliyekufa kwa sumu, isiwe ya aliyeugua kwa muda mrefu, wala ya mkongwe wa miaka 100. Viungo vyake visipungue hata kimoja. Mwanafunzi alitoa uchafu wa matumbo, akauviringishia mwili nyasi na magome, akautia ndani ya kizimba na kuufunga mtoni, penye maji yanayokwenda na pasipopita watu. Siku saba zikiisha aliutoa ukiwa umelainika, akaanza kuukwangua taratibu kwa brashi ya mizizi au mianzi: ngozi, kisha nyama, kisha kano, mpaka akafika mfupani.

Hayo ni maelekezo ya Sushruta Samhita, kitabu kikongwe cha upasuaji cha Bara Hindi ambacho mapokeo yanakihusisha na mji wa Kashi, yaani Varanasi ya leo, kando ya mto Ganga. Kilipita mikononi mwa vizazi kadhaa vya waandishi, na wataalamu wengi wanakadiria kwamba umbo lake tulilo nalo lilitimia katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Kinasisitiza kwamba tabibu hajaujua mwili mpaka aone kwa macho yake na kulinganisha alichokiona na alichosoma. Kwa zama zile lilikuwa agizo la ujasiri, maana kugusa maiti kulimtia mtu najisi.

Njia hiyo, hata hivyo, ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Katika siku saba za kukaa majini, ubongo huoza mapema na neva nyembamba hazitenganiki tena na nyama iliyolegea. Kinachobaki imara ni mfupa. Kwa hiyo Sushruta alihesabu mifupa 300, na kitabu ndugu yake, Charaka Samhita, kikahesabu 360, kila kimoja kwa kanuni zake, meno na gegedu zikiingizwa humo, na hata kucha. Lakini hakuna ukurasa wa vitabu hivyo unaofuata neva moja kutoka uti wa mgongo hadi kwenye kidole. Walichokikuta waziwazi ndani ya mfupa ni uboho, na huo waliutazama vizuri. Sushruta aliandika kwamba mifupa mikubwa ndiyo hasa yenye uboho, ilhali mingine ndani yake mna mafuta yenye damu. Msomaji wa leo anayejua kwamba mifupa mirefu ya mtu mzima hujaa uboho wa manjano, na mifupa bapa kama ya kifua na nyonga huwa na uboho mwekundu, atashangaa jinsi jicho lile lilivyokaribia ukweli bila darubini.

Kwa lugha yao uboho uliitwa majja, na ulikuwa wa sita katika tishu saba zinazojenga mwili. Chakula kikisagwa na moto wa tumbo hutoa kiowevu cha lishe. Kiowevu hicho huzaa damu, damu huzaa nyama, nyama huzaa mafuta, mafuta huzaa mfupa, mfupa huzaa uboho, na uboho huzaa mbegu ya uzazi. Kwa hesabu ya Sushruta, safari yote ilichukua kama mwezi mmoja. Juu ya tishu hizo zilitawala nguvu tatu: vata ambayo ni upepo, pitta ambayo ni moto wa nyongo, na kapha ambayo ni ute. Upepo ndio uliosukuma kila kitu kinachotembea mwilini: pumzi, damu, choo, mtoto anapozaliwa, mkono unaponyanyuka, neno linapofika mdomoni. Charaka anaorodhesha maradhi 80 yanayotokana na upepo peke yake, dhidi ya 40 ya nyongo na 20 ya ute. Tukiisoma orodha ile leo, sehemu kubwa yake tungeipeleka kwa daktari wa neva.

Charaka Samhita ni kazi ya mikono mingi. Mafundisho yake yananasibishwa na mwalimu Atreya, mwanafunzi wake Agnivesha akayaandika, Charaka akayapanga upya, na karne kadhaa baadaye Dridhabala akajazia sura zilizopotea. Ndani ya sura zake 120 kuna mistari michache juu ya uboho ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha historia hii yote. Uboho ukiharibika, kitabu kinasema, mgonjwa huumwa viungo, hupata kizunguzungu, huzimia, huona giza mbele ya macho, na hutokwa na majipu yenye mizizi ya kina kwenye maungio. Uboho ukipungua, mifupa huwa kana kwamba inamomonyoka, hulegea, huwa myepesi, na mtu huandamwa na maradhi ya upepo bila kukoma. Na katika sura ya 28 ya sehemu ya matibabu, inayohusu maradhi ya upepo, kupooza nusu ya mwili, uso kupinda, taya kukaza, mgongo kupinda na viungo kukonda vimewekwa katika kundi moja na maradhi yaliyojikita kwenye mfupa na uboho. Sababu inayotolewa ni kwamba yote yamekaa mahali pa kina. Tabibu ajitahidi, wanasema, lakini ajue huenda yakapona au yasipone. Afadhali ashughulike na ugonjwa mpya kwa mgonjwa mwenye nguvu.

Hakuna mahali hapo panapodai kwamba neva ni uboho. Kilichopo ni uzoefu wa kando ya kitanda cha mgonjwa. Waliona kwamba mtu mwenye mifupa iliyoliwa na ugonjwa mara nyingi hupoteza nguvu za miguu, kwamba kizunguzungu na kuzimia huja pamoja na udhaifu wa kina, na kwamba dawa za juu juu hazifiki huko. Wakatafuta sababu inayoyaunganisha hayo, nao walikuwa na upepo, kitu kikavu kinachopenda mahali patupu. Mfupa uliopungukiwa uboho ulikuwa kwao kama tete kavu: upepo ukiingia, hautoki kwa urahisi.

Kupooza walikueleza kwa usahihi wa kusikitisha. Upepo unaushika upande mmoja, wa kulia au wa kushoto, unaua mwendo wake, unaleta maumivu na kuufunga usemi; mguu mmoja au mkono mmoja hujikunja. Yeyote aliyewahi kumuuguza mzazi mwenye kiharusi atautambua mkono ule uliokunjamana kifuani. Kosa lao lilikuwa kwenye chanzo: walidhani mishipa na kano za upande ule zimekaushwa, hawakujua kwamba ajali imetokea ndani ya fuvu, upande wa pili.

Kuhusu makao ya akili walitofautiana wao kwa wao. Charaka anauheshimu moyo kuwa kiti cha fahamu, ingawa pia anakiita kichwa kiungo bora kuliko vyote, mahali pa uhai na milango ya hisi. Bhela Samhita, kitabu kilichotufikia kwa mswada mmoja ulioharibika kutoka maktaba ya Thanjavur, kusini mwa India, kinasema akili imekaa baina ya kichwa na kaakaa. Na huko Ugiriki mwanafalsafa Plato alifundisha katika kitabu chake Timaeus kwamba ubongo, uboho wa mgongo na mbegu ya uzazi ni kitu kimoja. Fikra ya kuunganisha uboho na mbegu ya uzazi iliwajia watu wa pande mbili za dunia, na wote walikuwa wakiangalia kitu kilaini, chenye mafuta, kilichofichwa ndani ya mfupa.

Tiba ilifuata nadharia. Kama ugonjwa ni ukavu, dawa ni mafuta. Mafuta ya ufuta yalipewa cheo cha kwanza dhidi ya upepo, yakapakwa, yakanywewa, yakatiwa puani kwa kuwa pua ilihesabiwa mlango wa kichwa, na zaidi ya yote yakapitishwa njia ya haja kubwa. Enema hiyo, waliyoiita basti, ilisifiwa kuwa nusu ya tiba yote. Samli, mafuta ya ufuta, shahamu ya nyama na uboho wa wanyama vilikuwa mafuta manne makuu, na uboho ulipendekezwa kwa kuimarisha mifupa na mbegu. Kitunguu saumu nacho kilipanda cheo. Mwaka 1890 ofisa wa jeshi la Uingereza, Hamilton Bower, alinunua huko Kucha, katika Asia ya Kati, mswada wa magome ya mti ambao umri wake unakadiriwa kuwa kati ya karne ya 4 na ya 6. Mwanazuoni Rudolf Hoernle alitumia miaka mingi kuusoma na kuuchapisha. Risala ya kwanza ndani yake inakisifu kitunguu saumu, na maradhi ya upepo yamo kati ya yale kinachoyatibu. Mswada huo upo leo katika Maktaba ya Bodleian, Oxford.

Elimu hii haikubaki India. Huko Baghdad, chini ya ulinzi wa mawaziri wa ukoo wa Barmaki, tabibu wa Kihindi aliyeitwa Manka aliifasiri Sushruta kwa Kiarabu. Charaka nayo ilipitia Kiajemi ikaingia Kiarabu. Mwaka 850 Ali ibn Sahl al-Tabari alifunga kitabu chake Firdaws al-Hikma kwa sehemu nzima juu ya tiba ya Wahindi, na al-Razi akamnukuu Charaka kwa jina. Kwa pwani yetu hili si jambo la mbali. Tiba iliyofika kwa majahazi kutoka Uarabuni ilikuwa tayari imechanganyika na ya Hindi, na wafanyabiashara wa Kachi na Kathiawar walileta mvuje, pilipili mtama na dawa nyingine za nyumbani kwao moja kwa moja.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1836 katika mji wa Calcutta. Chuo kipya cha udaktari kilikuwa kimefunguliwa mwaka uliotangulia, na masomo ya Ayurveda, yaani tiba ya vitabu hivi vya kale, katika Chuo cha Kisanskriti yakafutwa. Pandit Madhusudan Gupta, aliyekuwa mwalimu wa masomo hayo yaliyofutwa, alishika kisu na kupasua maiti mbele ya wanafunzi kwa mtindo wa Kizungu. Husimuliwa kwamba mizinga ilipigwa katika ngome ya Fort William kumpongeza. Lakini Madhusudan huyohuyo ndiye aliyesimamia uchapishaji wa kwanza wa Sushruta Samhita, uliotoka Calcutta katika miaka hiyohiyo ya 1835 na 1836. Mkono mmoja ulipasua, mwingine ukachapa kitabu kilichoagiza wanafunzi wapasue. Sijui mtu mwingine katika historia ya tiba ya India aliyebeba zama mbili kwa heshima kama yake.

Kisu kilionyesha kile ambacho maji ya mto yalikuwa yakikiozesha: ubongo wenye mikunjo, uti wa mgongo mweupe, neva zikitoka jozi kwa jozi. Kisha mwaka 1868 Ernst Neumann wa Königsberg na Giulio Bizzozero wa Pavia, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba chembe za damu huzaliwa ndani ya uboho. Vitabu vya kale vilikuwa vimeweka kiwanda cha damu kwenye ini na wengu, na uboho vikauweka mbali kabisa na damu, hatua nne mbele. Matabibu wa Ayurveda walibaki na swali gumu. Neva hizi zilizoonekana sasa waziwazi, ziwekwe kwenye tishu gani kati ya zile saba?

Gananath Sen wa Calcutta alijaribu kujibu. Alisomea tiba ya Kizungu na kurithi ya jadi, na kitabu chake cha Kisanskriti, Pratyaksha Shariram, kilichoanza kutoka muongo wa pili wa karne ya 20, kilieleza anatomia ya kisasa kwa istilahi za kale. Katika karne hiyo mafundisho ya vyuo vya Ayurveda yakaelekea upande mmoja: majja ikasomwa kuwa ni uboho pamoja na ubongo na uti wa mgongo, na maradhi ya neva yakaitwa maradhi ya majja. Leo utaikuta kauli hiyo kama vile imetoka kwa Charaka mwenyewe. Haikutoka kwake. Charaka, anapotaja vipimo vya vitu vya mwilini, anasema uboho ni ujazo wa viganja viwili vya mtu mwenyewe vilivyounganishwa, na ubongo ni nusu ya ujazo huo. Amevitaja mbalimbali, kila kimoja kwa jina lake na kipimo chake. Kuviunganisha ni kazi ya wasomi wa karibuni, nayo ina haki ya kuwepo, mradi isemwe kuwa ni yao.

Wakati wasomi wakijadiliana, wagonjwa walikuwa wakihudumiwa. Mwaka 1902, Kottakkal katika Malabar, P. S. Varier alianzisha Arya Vaidya Sala, akatengeneza mafuta na michemsho ya jadi kwa wingi na kuiuza kwenye chupa. Varier alikuwa amejifunza pia kwa daktari wa tiba ya Kizungu, na baadaye akaandika mwenyewe kitabu cha anatomia kwa Kisanskriti. Wenye kupooza walikuja, na bado wanakuja, kumwagiwa mafuta ya uvuguvugu na kukandwa kwa vifuko vya mchele wa navara uliopikwa kwa maziwa na mchemsho wa mizizi. Ushahidi kwamba mafuta yanafufua neva haupo. Lakini ngozi inayotunzwa haipati vidonda vya kitandani, kiungo kinachonyooshwa kila siku hakigandi, na mgonjwa anayeshikwa kwa mikono ya upole hujiona bado ni mtu. Hayo nayathamini.

Mchango mkubwa kuliko wote ulitoka kwenye mizizi na mbegu. Sarpagandha ni kichaka kidogo kilichotumika India dhidi ya kuumwa na nyoka, kukosa usingizi na wazimu. Huko Bihar mizizi yake iliuzwa sokoni kwa jina la dawa ya wendawazimu. Mwaka 1931 Gananath Sen yuleyule, pamoja na Kartick Chandra Bose, alichapisha taarifa kwamba mzizi huo hutuliza wendawazimu na kushusha shinikizo la damu. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha matokeo yake juu ya shinikizo la damu katika jarida la Uingereza, na dunia ikasikia. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Basel, wakatenga reserpini kutoka kwenye mzizi huo, na miaka miwili baadaye Nathan Kline akaitumia kwa wagonjwa wa akili New York. Mahitaji yalipopanda, viwanda viligeukia hata mizizi ya jamaa yake wa misitu ya Kongo. Msesewe, ambao Wachaga huutia kwenye mbege, ni wa ukoo huohuo.

Dawa hiyo ilikuwa na madhara. Wengine walishikwa na huzuni nzito, wengine walikakamaa na kutetemeka kama wenye ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, nchini Sweden, alitaka kujua kwa nini. Aliwapa sungura reserpini wakalala bila kujimudu, masikio yakilegea. Akawadunga DOPA, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, na baada ya muda mfupi wakaamka na kutembea. Kutokana na kazi hiyo na iliyofuata ilijulikana kwamba dopamini ni mjumbe muhimu ndani ya ubongo, na kwamba upungufu wake ndio unaoleta mtetemeko wa Parkinson. Mwaka 1967 George Cotzias alionyesha kwamba wagonjwa wakipewa DOPA kwa vipimo vikubwa vinavyoongezwa taratibu, wanaweza kusimama tena. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Na hapa mmea wa pili unaingia, ambao msomaji wa pwani anaujua kwa ngozi yake: upupu. Vitabu vya Ayurveda viliusifu kwa kutia nguvu na kuutuliza upepo, na kutetemeka kulikuwa mojawapo ya maradhi ya upepo. Mwaka 1937, miaka 20 kabla ya sungura wa Carlsson, Damodaran na Ramaswamy wa Madras walikuwa wametenga L-DOPA kutoka kwenye mbegu za upupu. Hakuna aliyejua bado inafanya nini mwilini. Mwaka 2004 jaribio dogo lililofanyika London, kwa wagonjwa 8 tu, lilionyesha kwamba unga wa mbegu hizo ulianza kufanya kazi haraka kuliko vidonge vya kawaida. Tabibu wa kale hakujua dopamini. Alikuwa amemtazama mgonjwa, akajaribu mbegu, akakumbuka, akamwambia mwanafunzi wake.

Upo upande mwingine wa urithi huu, nao siwezi kuufunika. Kuanzia Zama za Kati matabibu wa India walizidi kutumia zebaki, risasi na madini mengine yaliyochomwa hadi kuwa majivu, wakiamini kwamba kuyapitisha motoni mara nyingi kunaondoa sumu. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda walizonunua katika maduka ya eneo la Boston, zote zimetengenezwa Asia ya Kusini. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Risasi huvuruga utengenezaji wa damu ndani ya uboho, hulegeza neva za mikono mpaka kifundo kinaning'inia, hudhoofisha ubongo wa mtoto, na hujificha mifupani kwa miaka mingi. Mtu anaweza kununua unga wa kutibu uboho na neva zake, akaviharibu vyote viwili kwa kijiko kimoja cha kila asubuhi.

Sarpagandha na upupu viliingia katika tiba ya ulimwengu kwa sababu mtu alivipima, akachapisha, na mwingine akarudia kupima. Unga uliomo kwenye kopo lisilo na maelezo haujapita njia hiyo, hata kama umeandikwa Charaka juu yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimwona mtu uso umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yamemgomea, usingoje mafuta ya kukandia. Mpeleke hospitali saa ileile, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo lazima apigwe picha ya kichwa. Usichemshe upupu nyumbani kumtibu mzee anayetetemeka. Kipimo kikizidi humletea mwendo asioweza kuuzuia na kumshusha shinikizo la damu. Na kama unatumia dawa yoyote ya unga au vidonge kutoka India, nenda na kopo lake kwa daktari na umwombe akupime kiwango cha risasi katika damu.